Nani aliyala mayungiyungi ya Naivasha?

Kesi hii haijawahi kufika mahakamani, lakini hukumu yake ilishatolewa zamani. Soma karibu maandishi yoyote kuhusu viumbe wageni katika maziwa ya Kenya, utakutana na maneno yaleyale: mwaka 1970 kamba mwekundu kutoka Louisiana alitiwa katika Ziwa Naivasha, akala mimea ya majini, ziwa likaharibika. Si uongo. Shida ni kwamba habari imefupishwa mno, na katika kufupishwa huko washirika kadhaa wamechomoka kimyakimya wakamwachia kamba mzigo wote.

Hapa nataka kuirudia kesi tarehe kwa tarehe. Ni nadra kwetu kupata mnyama wa jamii hii ya kaa na kamba aliyefuatiliwa kwa miongo kadhaa ndani ya ziwa moja, na Naivasha ina bahati hiyo, kama ni bahati.

Ziwa kabla ya kamba

Naivasha liko ndani ya Bonde la Ufa, karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari. Halina mto unaotoka, na kwa kawaida ziwa la namna hiyo katika bonde hili huishia kuwa la magadi, kama majirani zake Elmenteita na Nakuru. Naivasha limebaki na maji matamu kwa sababu sehemu ya maji yake hupenya ardhini na kuondoka na chumvi chini kwa chini. Linalishwa hasa na mto Malewa, na kwa sehemu ndogo na mto Gilgil. Ni ziwa la kina kifupi, lisilotulia: miaka fulani maji yanapanda hadi kwenye nyua za mashamba, miaka mingine yanarudi nyuma na kuacha uwanda wa tope uliokauka. Kutotulia huko kuna umuhimu katika kesi hii, kwa hiyo tukuweke akilini.

Maelezo ya zamani ya ziwa yanafanana. Ukitoka nchi kavu ulipita kwanza kwenye ukanda wa mafunjo, mrefu kuliko mtu. Mbele yake palikuwa na mayungiyungi yenye maua ya buluu, majani yake yametandazwa juu ya maji. Mbele zaidi, chini ya maji maangavu, palikuwa na majani laini yaliyozama, ambayo ndege waitwao kukuziwa waliyapigia mbizi siku nzima na samaki wadogo wakajificha humo.

Ila tusijidanganye kwamba lilikuwa ziwa ambalo mkono wa mtu haujaligusa. Samaki wa asili alikuwa mmoja tu, mdogo, asiyeuzika, na mara ya mwisho alionekana mwaka 1962. Tilapia aliletwa mwaka 1925. Besi wa Marekani, samaki mla nyama anayependwa na wavuvi wa ndoano, aliletwa mwaka 1929. Katika miaka ya 1950 wakaongezwa tilapia wengine, na mwaka 1959 uvuvi wa nyavu kwa ajili ya biashara ukaanza. Naivasha lilikuwa kama sufuria jikoni kwa watu wengi, kila anayepita anafunua kifuniko na kuongeza kiungo chake. Kamba alikuwa kiungo kimojawapo.

Mtuhumiwa

Jina lake la kisayansi ni Procambarus clarkii. Ni gegereka wa miguu kumi, yaani yumo katika kundi kubwa lenye kaa, kamba wa baharini, kambakoche na jamaa zao. Ukimweka kiganjani anakijaza. Mtu wa Mombasa au Bagamoyo akimwona mara ya kwanza atadhani ni kambakoche aliyedumaa, ila huyu ana magando mawili ya kweli mbele, mekundu, yenye vipele, na ukimkaribia huyainua juu kama bondia. Watu wa pwani wana msemo kwamba kaa akiinua gando mambo yamekatika. Huyu huinua gando kabla mambo hayajaanza.

Kwao ni kusini mwa Marekani na kaskazini-mashariki mwa Mexico, kwenye vinamasi vinavyofurika na kukauka. Kwa hiyo ameumbwa kwa maji yasiyotabirika. Yakikauka, anachimba shimo topeni na kungoja. Anaweza kutembea nchi kavu kwenda kutafuta dimbwi jingine. Hukomaa ndani ya miezi, si miaka, na jike hubeba mayai chini ya mkia wake, mamia kwa wakati mmoja, kisha vitoto vikianguliwa hubaki vimemng'ang'ania kwa muda. Chakula hachagui. Akiwa mdogo hupenda wadudu na konokono, akikua huongeza majani mabichi, majani yaliyooza, mizoga, samaki aliyenasa wavuni, na hata watoto wa kamba wenzake.

Jambo moja la kustaajabisha: bara la Afrika halina hata aina moja ya kamba wa namna hii aliye wa asili. Madagaska inao, sisi huku bara hatuna. Mito yetu ina kaa wa maji matamu, na baadhi ya mito ina kamba wadogo, lakini mnyama huyu, mwenye magando, mchimbaji, mla kila kitu, hakuwahi kuwa na ndugu hapa. Viumbe wa Naivasha hawakuwa na mazoea naye hata kidogo.

Aliletwa kwa makusudi na idara ya uvuvi, na mbegu ilitoka Uganda, ambako alikuwa ameshafika. Nia haikuwa mbaya. Uvuvi wa Naivasha ulikuwa unapanda na kushuka, na wazo lilikuwa kuupa mguu wa pili wa kusimamia. Soko nalo lilikuwepo, na lilikuwepo kwa sababu ya kinaya fulani. Kamba wa asili wa mito ya Ulaya walikuwa wameangamizwa na ugonjwa wa kuvu ulioingia katika karne ya 19 na kufika Sweden mwaka 1907. Ugonjwa huo hubebwa na kamba wa Marekani, ambao wenyewe huustahimili. Wazungu waliozoea kula kamba kila mwisho wa kiangazi wakabaki na hamu na sahani tupu, na ndugu za waliowaletea msiba ndio wakawa biashara. Hispania nayo iliwaleta haohao mwaka 1973 na 1974. Kenya haikuwa peke yake katika kuona fursa hiyo.

Mwaka 1975 uvuvi wa kamba ulianza Naivasha, na kwa miaka kadhaa mamia ya tani yalisafirishwa kila mwaka kwenda Ulaya. Besi naye alinufaika, akafanya kamba kuwa chakula chake kikuu. Kwa hesabu za siku zile, mpango ulikuwa umefanikiwa. Waliolalamika mapema ni wavuvi wa nyavu. Kamba walipanda kwenye nyavu zilizotegwa usiku, wakala samaki walionaswa, wakajizungusha humo wenyewe na kuchana nyuzi. Asubuhi mvuvi alivuta wavu wenye vichwa vya tilapia na lundo la magando. Nadhani malalamiko hayo yalistahili kusikilizwa zaidi kuliko yalivyosikilizwa, maana mvuvi ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwona mnyama huyu akila asichotarajiwa kula.

Kupotea mara ya kwanza

Kufikia mwaka 1983 mayungiyungi na majani yaliyozama yalikuwa yametoweka katika ziwa kuu. Hayakupungua tu, yalitoweka. Kukuziwa, waliokuwa wakihesabiwa kwa maelfu, wakafuata chakula chao.

Hapa ndipo watu wengi hufunga jalada. Kamba aliingia 1970, majani yakaisha 1983, basi. Lakini wakili yeyote wa kamba angesimama na kuuliza maswali matatu, na yote yana haki.

La kwanza ni kuhusu koipu. Huyu ni panya mkubwa wa Amerika ya Kusini, mkubwa kuliko paka, aliyeletwa Kenya kufugwa kwa ajili ya manyoya. Wengine walitoroka, wakateremka na mito hadi ziwani, na katika miaka ya 1960 walikuwa wamezaana Naivasha. Koipu hupenda sana mayungiyungi, hasa mashina na mizizi yake iliyonona. Mayungiyungi yalianza kurudi nyuma wakati koipu wakiwa wengi na kamba bado anajijenga.

La pili ni kuhusu gugu linaloelea, salvinia, lililoonekana ziwani mwanzoni mwa miaka ya 1960. Linatanda juu ya maji kama mkeka na kuzuia jua. Majani yaliyozama hayawezi kuishi gizani.

La tatu ni maji yenyewe. Ziwa linapopungua, ukanda mzima wa mimea ya kina kifupi hubaki nchi kavu na kufa. Linapojaa ghafla, mimea hufunikwa na maji mengi kuliko inavyoweza kuvumilia.

Kwa ushahidi wa miaka hiyo pekee, mimi nisingeweza kumhukumu kamba. Ningesema alikuwepo, alikuwa na njaa, na hakuwa peke yake. Kinachonifanya nibadili maneno ni yaliyofuata.

Kupotea mara ya pili

Chakula na maficho vilipokwisha, idadi ya kamba ilishuka. Hili lina mantiki, kwani kamba mchanga asiye na majani ya kujificha ni kitafunwa cha besi na ndege. Baada ya kamba kupungua, ndani ya miaka michache majani yaliyozama yakaanza kuota tena, kutoka kwenye mbegu zilizokuwa zimelala topeni. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1980 yalikuwa yamerudi, na kukuziwa nao wakarudi. Kisha kamba wakapata tena chakula na maficho, wakaongezeka, na katika miaka ya 1990 majani yakapotea tena.

Watafiti waliokuwa wakiongozwa na David Harper wa Chuo Kikuu cha Leicester, wakishirikiana na wenzao wa Kenya akiwemo Kenneth Mavuti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, walikuwa ziwani wakati huo wote. Wao waliwahesabu kamba kati ya mwaka 1987 na 1999. Walichokiona kilikuwa kama mizani: upande wa kamba ukipanda, wa majani unashuka, wa majani ukipanda, wa kamba umeshuka kwanza.

Rudi sasa kwa wale washukiwa wengine. Koipu alikuwa ametoweka Naivasha kufikia katikati ya miaka ya 1980. Hawezi kuwa amekula majani yaliyopotea miaka kumi baadaye. Salvinia nayo ilishambuliwa na fukusi walioletwa kwa kazi hiyo, ikapungua sana. Maji yalipanda na kushuka, ndiyo, lakini hayakupanda na kushuka kwa kufuata hesabu ya kamba.

Na namna yake ya kula inaeleza jinsi mnyama wa ukubwa wa kiganja anavyoweza kufyeka ziwa. Hali majani kama ng'ombe, kutoka juu. Anakata. Gando linashika shina karibu na tope, linalikata, yeye anakula kipande na kilichobaki kinaelea na kusukumwa na upepo hadi ufukweni. Anachoharibu ni kingi kuliko anachomeza. Halafu uchimbaji wake unatifua tope, maji yanachafuka, na chipukizi linalotaka kuota linakosa jua. Zaidi ya hayo, majani yakiisha hafi kwa njaa, maana ana mabaki yaliyooza ya kumshikiza hadi msimu mwingine. Mla majani wa kawaida angekufa, majani yakapata nafasi ya kupumua. Huyu anabaki mlangoni akisubiri.

Kwa hiyo kwa kupotea mara ya pili, mimi nasema kamba ana hatia. Na kwa sababu mwenendo ule ule ulijirudia, naona ni halali kumbebesha sehemu kubwa ya kupotea mara ya kwanza pia, koipu akiwa mshirika wake kwenye mayungiyungi.

Mwaka 1988 gugu maji likafika Naivasha. Mtu angedhani sasa kamba atapata kazi yenye manufaa, ale hilo gugu alimalize. Hakulimaliza. Alichofanya ni kulifanya nyumba. Mizizi ya gugu maji inaning'inia majini kama ndevu nene, na ndani ya ndevu hizo kamba wachanga walipata maficho mazuri kuliko yale waliyoyaharibu wenyewe. Mgeni mmoja akampangishia mwenzake.

Ushahidi wa kutokuwepo

Mpaka hapa hukumu ya zamani inaonekana imethibitishwa. Ila kesi haikuishia miaka ya 1990, na ndiyo maana ile sentensi fupi inanikera.

Mwanzoni mwa mwaka 2001 uvuvi ulifungwa Naivasha kwa mwaka mmoja ili samaki wapumzike. Mwaka huohuo akapatikana ziwani samaki ambaye hakuna aliyemtangaza: kapi, yule wa mabwawa ya ufugaji, ambaye inaaminika alisombwa na maji kutoka mashamba ya samaki ya juu ya mto. Hakuletwa kwa barua ya ofisi yoyote. Ndani ya miaka michache alikuwa ndiye samaki mkuu wa ziwa, na kufikia mwaka 2010 zaidi ya asilimia 90 ya mavuno ya wavuvi yalikuwa kapi. Anayekula samaki wa Naivasha leo, huenda anakula ajali.

Kapi hula kwa kuchokora tope kwa mdomo, ananyonya, anachuja, anatema. Wadudu na viumbe wadogo wa chini, ambao kamba mchanga aliwategemea, sasa vinawaniwa na samaki mwenye uzito wa kilo kadhaa. Kapi alivyoongezeka, kamba walipungua sana.

Sasa fuata mantiki ileile tuliyoitumia kumhukumu. Kamba akipungua, majani hurudi. Ilikuwa hivyo katika miaka ya 1980. Safari hii kamba alipungua, na majani hayakurudi kama zamani.

Huo ndio ushahidi ambao ungemwokoa kamba kama angekuwa na wakili. Kuna kitu kingine kilichoshika nafasi yake, na si kapi peke yake. Kilimo cha maua na mboga kandokando ya ziwa kilianza kukua mwanzoni mwa miaka ya 1970, karibu wakati uleule wa kamba. Watu wakafuata kazi, vitongoji vikajaa pasipo mabomba ya majitaka ya kutosha. Mafunjo, yaliyokuwa yakichuja tope na mbolea kabla hazijafika kwenye maji ya wazi, yalikatwa ili kupata mashamba, na nyati na mifugo wakakanyaga mengine maji yaliporudi nyuma. Mlimani, kwenye mashamba ya bonde la Malewa, kila mvua kubwa ilishusha udongo. Rutuba ikiingia ziwani hulisha kwanza mwani mdogo wa kijani unaoelea, maji yakawa rangi ya supu ya dengu, na mbegu ya yungiyungi iliyoko topeni haijui kwamba juu kuna jua.

Kwa hiyo mtu anayesema leo kwamba maji ya Naivasha ni machafu kwa sababu ya kamba, anamshtaki mfungwa kwa wizi uliofanyika akiwa kifungoni. Na kuna wanaofaidika na kosa hilo. Kamba hana shamba, hana bomba la kupulizia dawa, hana mtambo wa kuvuta maji. Ni mkosaji rahisi sana.

Kamba mwenyewe, hata alipobanwa, hakukosa cha kufanya. Wakati maji yalipokuwa yamerudi nyuma, watafiti wawili, Jonathan Grey na Michelle Jackson, walimkuta akiishi katika nyayo za viboko zilizojaa maji pembeni mwa ziwa, na usiku akitoka kwenda kula majani ya nchi kavu. Walilithibitisha kwa kupima alama za kemikali katika nyama yake. Nyayo ya kiboko ni dimbwi la ukubwa wa beseni. Mnyama anayeweza kugeuza beseni kuwa nyumba na malisho ya ng'ombe kuwa chakula cha jioni si mnyama wa kumwondoa kwa mitego.

Mashahidi wa utetezi

Kwingineko nchini, kamba huyuhuyu ana jina zuri. Katika miaka ya 1990 kundi la watafiti akiwemo Gerald Mkoji wa taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, na Eric Loker wa Chuo Kikuu cha New Mexico, lilitaka kujua kama kamba anaweza kuwapunguza konokono wanaobeba kichocho. Walichukua jozi tatu za vijiji. Watoto wa shule walipewa dawa, kisha kijiji kimoja katika kila jozi kikatiwa kamba kwenye maji yake na kingine kikaachwa kilivyo. Mahali ambapo kamba walishika makazi vizuri, konokono walipungua, na watoto walioambukizwa tena kichocho cha mkojo walikuwa wachache kuliko kule kwa wenzao. Si kila mahali walishika makazi. Lakini palipokubali, matokeo yalikuwa halisi.

Nimewahi kusikia watu wakitumia habari hii kufuta ile ya Naivasha, au kinyume chake. Zote mbili ni kweli na sababu ni ileile. Anakula konokono kwa sababu anakula kila kitu. Kwenye bwawa la kuchimbwa, ambalo halina mayungiyungi wala kukuziwa na ambako mama anachota maji huku mtoto anaoga, tabia hiyo ni dawa. Kwenye ziwa lenye mikanda mitatu ya mimea, ni panga. Tatizo la dawa hii ni kwamba haikai kwenye chupa. Bwawa hufurika, na kamba ana miguu.

Uganda nako, kwenye Ziwa Bunyonyi, kamba huyu amekuwa chakula cha wageni, anauzwa kwenye hoteli za kandokando akiwa na vitunguu saumu na siagi. Naivasha pia alikuwa na wateja wa hoteli na wa Nairobi baada ya biashara ya Ulaya kufifia katika miaka ya 1980. Kwenye meza ya kawaida ya Mkenya wa bara hakuwahi kufika. Kwa wengi ni mdudu tu. Nimejiuliza mara nyingi kama kesi hii ingekwenda vingine laiti angeingizwa ziwa linalozungukwa na walaji wa kaa. Sidhani ingebadilika sana. Hispania wanamla kwa shauku na bado amewajaa, na mwaka 2016 Umoja wa Ulaya ulimweka kwenye orodha ya viumbe wavamizi wa kudhibitiwa.

Jalada lisilofunguliwa

Habari ninayoona imesahaulika kuliko zote haimo ziwani.

Juu ya Malewa na vijito vyake, kwenye maji ya baridi yanayoshuka kutoka nyanda za Kinangop na Aberdare, anaishi kaa wa mtoni, Potamonautes loveni. Ni kaa wa asili, rangi ya matope, asiyeuzwa popote wala kupigwa picha na mtalii. Kazi yake ni kula majani yaliyoanguka mtoni na kuyageuza kuwa chakula cha viumbe wadogo. Tofauti na kaa wa baharini ambao huachia mayai yao kuwa vijibuu vinavyosafiri na mkondo, kaa wa maji matamu huyalea mayai tumboni hadi yanapoanguliwa yakiwa tayari vikaa vidogo. Huzaa wachache na hukua polepole. Ni uzazi uliofaa kwa mto usio na mpinzani.

Kamba alipanda mto. Kule alikofika, kaa wakapungua au wakatoweka. Hakuna aliyepiga kelele, kwa sababu hakuna wavu uliochanika wala kukuziwa waliokosekana mbele ya darubini za watalii. Mtu asiyejua angetazama mto uleule, mawe yaleyale, akaona kitu chenye magando kikijificha chini ya jiwe na kudhani mambo yako kama yalivyokuwa.

Aliyelitambua jambo hili vizuri ni fisi maji, mnyama mwogeleaji wa mitoni. Kwenye mfumo wa mto Ewaso Ng'iro, ambako kamba pia wameenea, Mordecai Ogada na wenzake waliamua kutowafuata kamba wala kaa, bali kinyesi cha mla wote wawili. Fisi maji hula gegereka akiwa na maganda yake, na maganda hayasagiki, hutoka yalivyo. Ganda la kaa ni la kahawia na nene, la kamba ni jekundu na lina mkia wa pingili. Ukiokota kinyesi kwenye mwamba wa mtoni na kukipasua, unajua chini ya maji kuna nani.

Mahali kamba walipofika, maganda ya kaa yalipungua kinyesini na mekundu yakachukua nafasi. Fisi maji hakufa njaa. Alibadili chakula, akaendelea na maisha.